Komiti saba zikikunjwa kuwa moja, jina la nani hubaki?

Tuchukue watu watatu wa Lamu wanaoandika programu moja. Mmoja yuko Shela, wa pili Langoni, wa tatu Matondoni. Programu yenyewe ni ndogo: inamwambia nahodha saa ya maji kujaa na saa ya kupwa, ili anayetaka kupita mlango wa bahari wa Mkanda kwenda Pate ajue kama kina kitamtosha au atakwama njiani akingoja maji yarudi. Wa Shela ndiye aliyeandika hesabu ya maji, sehemu ngumu kuliko zote. Wa Langoni alitengeneza ukurasa wa simu. Wa Matondoni aligundua kosa ambalo wenziwe hawakuliona. Programu ilichukulia kwamba kila siku maji hujaa mara mbili, na kwa kuwa kati ya kujaa na kujaa tena hupita kama saa 12 na dakika 25, takriban kila wiki mbili hutokea tarehe yenye kujaa mara moja tu. Alisahihisha mstari mmoja, na mstari huo ndio uliofanya programu iaminike.

Kazi yao wanaitunza kwa Git, programu inayohifadhi historia ya mabadiliko ya faili; kila hatua inayowekwa katika historia hiyo huitwa komiti. Kwa jumla ziko komiti saba: nne za Shela, mbili za Langoni, moja ya Matondoni. Wa Langoni ndiye mtunza hazina, yaani mahali kazi na historia yake vinapohifadhiwa, naye kabla ya kuiingiza kazi kwenye tawi kuu, mkondo mkuu wa historia hiyo, anazikunja komiti zote kuwa moja ili historia isomeke vizuri. Kesho yake `git log`, amri inayoorodhesha komiti, inaonyesha mwandishi mmoja.

Nani? Inategemea alitumia amri gani. Wengi hudhani Git ina kanuni moja kuhusu jambo hili, kumbe ina kanuni kadhaa, na kila moja ina jibu lake.

Ndani ya komiti mna nini

Komiti huhifadhi hali ya faili zote kwa wakati fulani, pamoja na maelezo machache. Ukiifungua kwa `git cat-file -p` utakuta kitu cha namna hii (alama ndefu nimezifupisha):

```
tree 9c1e07
parent 4b82aa
author Fundi wa Shela <shela@bahari.example> 1717225200 +0300
committer Fundi wa Langoni <langoni@bahari.example> 1717311600 +0300

Hesabu ya maji kujaa na kupwa
```

Namba ile ndefu ni sekunde tangu tarehe 1 Januari 1970, na `+0300` ni saa za Afrika Mashariki. Yanayotuhusu hapa ni majina mawili. Mstari wa `author` unamtaja aliyeandika mabadiliko. Mstari wa `committer` unamtaja aliyeyaweka katika historia kwa umbo hili tunaloliona. Huyu wa pili nitamwita mwekaji.

Lamu tofauti hii ina mfano wake katika miswada ya mkono. Muhamadi Kijumwa, malenga na mchonga nakshi aliyefariki mwaka 1945, alinakili tenzi nyingi za watu wengine. Mwandiko ni wake, utungo ni wa wenyewe, na msomaji wa mswada anataka kuwajua wote wawili.

Git ilizaliwa na mgawanyo huu, na chanzo chake ni kiini cha Linux, sehemu ya msingi ya mfumo huo wa kuendeshea kompyuta. Kwa miaka mingi watu waliokuwa wakikiandika walituma viraka, yaani mabadiliko yaliyoandikwa kama faili, kwa baruapepe; mtunzaji alivisoma, akavikubali, akavibandika. Mifumo ya kabla yake kama CVS na Subversion ilirekodi jina la mwenye ruhusa ya kuandika kwenye hazina na basi, kwa hiyo aliyetuma kiraka kutoka mbali alibaki kutajwa kwa hisani ndani ya ujumbe, kama alitajwa. Linus Torvalds, mwanzilishi wa Linux, alipoandika Git mwezi Aprili 2005, baada ya kikundi chake kupoteza ruhusa ya kutumia bila malipo BitKeeper, mfumo waliotunzia historia yao, mwandishi na mwekaji walipewa kila mmoja mstari wake. Hadi leo `git am`, inayobandika kiraka cha baruapepe, humwacha mwandishi alivyo na kumbadilisha mwekaji tu. `git cherry-pick`, inayonakili komiti kutoka tawi jingine, ni vivyo hivyo. `git rebase`, inayozipanga komiti upya juu ya msingi mwingine, pia, ikiwa ni ile ya kawaida isiyokunja kitu.

Tatizo letu liko kwenye idadi. Mstari wa `author` ni mmoja kwa kila komiti. Ukijaribu kuweka miwili kwa mkono, `git fsck`, inayokagua hazina, itakuambia komiti hiyo ina kasoro. Kwa hiyo komiti saba za watu watatu zikiwa moja, majina mawili hayana pa kukaa.

Njia tofauti, majibu tofauti

Tuseme wa Langoni alitumia `git rebase -i`. Hapo hufunguka orodha ya komiti, ya zamani juu na mpya chini, naye anaandika `pick` kwenye ya kwanza na `squash` au `fixup` kwenye zinazofuata. Tofauti ya `squash` na `fixup` iko kwenye ujumbe: ya kwanza huyaunganisha maneno ya komiti zote, ya pili huyatupa ya zile zinazokunjwa. Kuhusu mwandishi hazina tofauti. Anayebaki ni mwandishi wa ile komiti ya juu, iliyopokea nyingine, na tarehe yake hubaki pia. Kama ya kwanza ilikuwa ya Shela, kazi yote inakuwa ya Shela. Lakini orodha ile inaruhusu kupangwa upya. Mtu akiupandisha juu ule mstari mmoja wa Matondoni na kuzikunja sita ndani yake, basi Matondoni amerithi programu nzima.

Akitumia `git merge --squash`, mambo hugeuka. Amri hii hukusanya mabadiliko yote ya tawi na kuyaacha tayari, bila kuunda komiti. Komiti inaundwa pale anapoandika `git commit`, na mwandishi anakuwa yeye aliyeandika amri hiyo. Wa Langoni, mwenye komiti mbili kati ya saba, ndiye anayeonekana kuandika kila kitu. Git humwandalia rasimu ya ujumbe yenye orodha ya komiti zilizokunjwa, kila moja na mwandishi wake, kwa hiyo majina yapo mbele ya macho yake. Watu wengi huifuta rasimu hiyo kwa sababu ni ndefu na kuandika sentensi moja nadhifu. Asipoifuta, majina yanabaki kama maneno ya kawaida katika ujumbe: binadamu atayasoma, ila chombo kinachohesabu michango hakitayaona.

Wanaopenda `git reset --soft`, inayorudisha tawi nyuma bila kugusa faili, na kisha `git commit` wapo pia, nao wanafika palepale: mwandishi ni aliye mbele ya kompyuta. Anaweza kujiondoa kwa `git commit -C` ikifuatiwa na alama ya komiti ya zamani, ambayo hukopa ujumbe, mwandishi na tarehe yake, au kwa `--author="Fundi wa Shela <shela@bahari.example>"`. Ajabu ni jinsi zinavyotumika mara chache.

Halafu kuna kitufe cha kwenye tovuti. GitHub, tovuti ya kuhifadhia hazina za Git, ikikunja ombi la kuingiza kazi lenye komiti za watu kadhaa huweka mwandishi mmoja, huwaongeza wengine chini ya ujumbe kwa mistari ya `Co-authored-by`, na mwekaji anakuwa GitHub yenyewe. Hiki kitufe kinalaumiwa sana na mimi naona kinaonewa, kwa sababu katika njia zote nilizotaja ndicho peke yake kinachojaribu kuwakumbuka waliobaki. Kasoro yake ni kwamba ujumbe unaweza kuhaririwa kabla ya kuthibitisha, na mwenye haraka hufuta mistari ile akidhani ni takataka za mashine.

Kwa nini isiwe jambo la sifa tu

Mtu anaweza kusema kazi imefika, nahodha anapata saa zake, jina la nini? Jibu la kwanza ni la kifundi. Miezi sita baadaye hesabu ya maji inatoa jibu la ajabu, unaendesha `git blame` juu ya mstari unaoshuku, na amri hiyo inakutajia wa Langoni. Unampigia simu. Yeye hajui lolote kuhusu hesabu ya maji. Alichojua ni ukurasa wa simu. Jina katika historia linaeleza nani wa kuulizwa, na likikosewa, swali linakwenda nyumba siyo.

Jibu la pili ni dhima. Jina likibandikwa kwenye msimbo (maandishi ya programu) ambao mtu hakuuandika, anabebeshwa makosa yasiyo yake. Hili halisemwi sana, kwa sababu tukizungumzia kukunja komiti tunamfikiria aliyenyimwa na kumsahau aliyezidishiwa. `git commit --amend` hufanya hivyo kila siku. Ukirekebisha komiti ya mwenzio kwa amri hiyo na kuongeza mistari yako kumi, mwandishi anabaki yeye. Mistari yako kumi sasa inasema ni yake, na kama ina kosa, ni lake.

La tatu ni sheria. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 inazihesabu programu za kompyuta miongoni mwa kazi za maandishi, na inamtambulia mtunzi haki ya kudai utunzi wake hata baada ya kuzihamisha haki za kibiashara. Sisemi kwamba `git log` ni hati ya mahakamani. Git haimuulizi mtu kitambulisho. Jina na anwani unavyoviandika katika `user.name` na `user.email` ndivyo inavyoviamini, hata ukijiita Sultani wa Pate. Anayetaka uthibitisho hutia komiti zake sahihi ya kidijitali, na sahihi hiyo nayo haivuki kukunjwa. Komiti mpya ni kitu kipya chenye alama mpya ya herufi na tarakimu 40. Hata ukibadilisha nukta moja tu ya ujumbe, Git huunda nyingine na kuiacha ya zamani ilivyo. Sahihi ya Shela ilikuwa juu ya ile ya zamani.

Mistari ya mwisho wa ujumbe

Suluhisho linalotajwa kwanza ni `Co-authored-by`. GitHub ilianza kuitambua mapema mwaka 2018, na siku hizi imekuwa desturi pana. Huandikwa hivi:

```
Saa za maji kwa manahodha wa Lamu

Hesabu, ukurasa wa simu, na siku zenye kujaa mara moja.

Co-authored-by: Fundi wa Shela <shela@bahari.example>
Co-authored-by: Fundi wa Matondoni <matondoni@bahari.example>
```

Mistari hii lazima iwe aya ya mwisho kabisa, itanguliwe na mstari mtupu, na isiachane katikati. Ukiweka nafasi kati ya wa Shela na wa Matondoni, kwa macho yako haijabadilika kitu, lakini wa Shela amekwisha kuwa sehemu ya maelezo na vyombo havimhesabu tena. Anwani nayo iwe ile ambayo mtu ameisajili kwenye huduma mnayotumia, la sivyo jina litaonekana bila kuunganishwa na akaunti yake. Asiyetaka anwani yake ionekane hadharani hupewa na GitHub anwani ya kuficha. Muulize anataka ipi kabla hujakunja. Anayechoka kuandika kwa mkono ana `git commit --trailer`, inayoweka mstari mahali pake.

Kisichojulikana vya kutosha ni kwamba kwa Git yenyewe mstari huo ni sehemu ya ujumbe tu. `git blame` haiusomi. `git log --author` haiutafuti. `git shortlog -sn` huhesabu waandishi wa mstari wa `author` peke yao, mpaka uiombe zaidi:

```
git shortlog -sn --group=author --group=trailer:co-authored-by
```

Watu huchanganya pia `Co-authored-by` na `Signed-off-by`. Hiyo ya pili iliingia katika kazi ya Linux mwaka 2004, baada ya kampuni ya SCO kuishtaki IBM mwaka 2003 kuhusu asili ya msimbo, na maana yake ni kwamba aliyetia jina anathibitisha kuwa ana haki ya kuutoa msimbo huo chini ya leseni ya mradi. Mtunzaji ambaye hakuandika hata herufi moja anaweza kutia `Signed-off-by` na akawa sahihi kabisa.

Kwa maoni yangu `Co-authored-by` ina mahali pake pa haki: watu wawili wamekaa kwenye kompyuta moja, mmoja anaandika, mwingine anasema "hapana, rudi juu", na mwishowe hakuna anayeweza kusema mstari upi ni wa nani. Hapo kazi ni ya wote tangu mwanzo, na ujumbe unasema kweli. Lakini kuitumia kufidia historia iliyokuwa wazi kisha ikafutwa, hiyo ni kufunga jeraha ulilolikata mwenyewe.

Kunja kwa mwandishi

Ninachopendekeza kwa watatu wetu ni kuzikunja komiti ndani ya mipaka ya mwandishi. Kwanza mtunza hazina anaangalia nani yumo kwenye tawi:

```
git shortlog -sne main..saa-za-maji
```

Akiona jina moja, akunje apendavyo. Akiona zaidi, afungue `git rebase -i main` na kupanga hivi:

```
pick  a1 Shela: hesabu ya maji
fixup a2 Shela: rekebisha
fixup a5 Shela: rekebisha tena
fixup a6 Shela: ondoa maandishi ya majaribio
pick  a3 Langoni: ukurasa wa simu
fixup a4 Langoni: rangi za vitufe
pick  a7 Matondoni: siku zenye kujaa mara moja
```

Komiti saba zimekuwa tatu. Zile za "rekebisha tena", ambazo ndizo hasa zilizomkera mtunza hazina, zimeondoka. Kila mwandishi ana yake, `git blame` inasema kweli, na anayetafuta kosa kwa `git bisect` bado ana hatua zinazoeleweka, maana hesabu, ukurasa na sahihisho ni mambo matatu mbalimbali yaliyostahili kutengana hata kama yangeandikwa na mtu mmoja. Akitaka pia ionekane kwamba zilikuwa kazi moja, aliingize tawi kwa `git merge --no-ff`, na komiti ya muungano itazifunga pamoja.

Kuna gharama. Ukizihamisha a5 na a6 kuzipandisha juu ya a3, huenda faili zikagongana, na itabidi usuluhishe kwa mkono. Pale ambapo wawili wamepokezana mistari ileile mara nyingi, kupanga upya kunaweza kula mchana mzima bila faida. Ziache komiti zilivyo, au ndipo sasa ukunje na kutumia `Co-authored-by`. Historia yenye komiti mbili zisizopendeza haijamuua mtu.

Mtu mmoja mwenye majina matatu ni shida nyingine, ndogo lakini ya kila mahali, na pwani yetu ambako Muhammad huandikwa kwa tahajia tano tunaijua. Leo ametumia kompyuta ya kazini, kesho ya nyumbani, na hesabu inamgawa. Dawa ni faili iitwayo `.mailmap` katika mzizi wa hazina, yenye jina na anwani sahihi upande wa kushoto na zile nyingine kulia. `git shortlog` na `git blame` huisoma, na hakuna komiti inayoguswa.

Ikiwa imeshafanyika

Kama ulikunja jana na hujasukuma, yaani hujaituma kazi kwenye hazina ya pamoja, `git reflog` inakumbuka tawi lilikuwa wapi. Kwa mpangilio wa kawaida kumbukumbu hizo hukaa siku 90, na kwa komiti zisizofikiwa tena na tawi lolote siku 30, katika kompyuta yako tu. Tafuta mstari wa kabla ya kukunja, fungua tawi jipya hapo, anza upya. Kama ni komiti moja ya mwisho yenye mwandishi asiye sahihi, `git commit --amend --author` inatosha. Angalia usiichanganye na `--reset-author`, ambayo inakuandika wewe.

Ikiwa imekwisha kusukumwa na wengine wamejenga juu yake, usiibadilishe historia ya tawi kuu kwa ajili ya jina; kila aliyechukua nakala atalazimika kuanza kufungua mafundo. Weka faili ya waandishi katika hazina, yenye kila jina na alichokiandika. Juu yake unaweza kuongeza `git notes add`, inayoambatisha maelezo kwenye komiti ya zamani bila kuigeuza alama yake. Maelezo hayo hayaendi pamoja na tawi unaposukuma, lazima yasukumwe peke yake kwa `git push origin refs/notes/commits`, na mwenzio naye ayachukue kwa makusudi. Kwa hiyo ile faili ya waandishi ndiyo ianze.